Magongo Saba

Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa saa kumi,
na mimi, katibu wa Mkonge Magongo ya Ngamiani,
nina daftari, kalamu nyekundu,
na laki tatu na sitini zilizobanwa kwa raba bendi.
Tumekaa kwa Shembilu, fundi cherehani,
mweka hazina wetu kwa sababu droo yake ina kufuli.
Mtaani bado wanatutania:
gongo la kupigia, au lile la chupa?

Kipa kwanza. Mhina kahamishiwa Horohoro;
forodha haiulizi kama una nusu fainali.
Lango letu sasa mlango wa soko,
aingiaye haulizwi.
Naandika KIPA, naikoleza mara mbili.

Nassoro Kizenga yuko huru.
Huru, yaani timu ya jeshi imemwacha, goti limemwacha,
na mke naye, wasemavyo Pongwe, anafikiria.
Nilimfuata kwa baiskeli.
Hela hakutaka. Alitaka mtu wa kumsemea
kazi ya ulinzi kiwanda cha saruji.
Nikamwambia, chuchumaa. Akachuchumaa.
Kuinuka kulichukua muda wa kumaliza chungwa.
Nikamwandika kwa penseli.

Yupo na Jignesh, karudi na magongo yake mawili,
mpira unamfuata kama kifaranga,
ila hatoki dukani kwa babu yake kabla ya saa kumi na moja
na mechi huanza saa kumi.
"Tumpe kipindi cha pili," akasema Shembilu.
Tulicheka, mpaka tulipoona hatanii.

Kisha simu. Moshi.
Wanamtaka Kiduo.
Watatoa kipa wao wa akiba, pedi zake, kofia yake,
na magongo saba.

Cherehani ikasimama.
Kiduo ana miaka kumi na tisa.
Nilimfundisha kushika gongo kwa ufito wa mpera
nyuma ya ghala la katani,
enzi akituokotea mipira kwenye mfereji
wa Barabara ya Kumi na Nne.
Lakini magongo yetu ni kumi na moja, manne yameungwa kwa kamba,
na anayetoka humkabidhi anayeingia
mpini ukiwa bado una jasho.
Shembilu hakuniangalia. Alitia uzi kwenye sindano
ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Nikamwambia mwenyewe, kibarazani kwao.
Hakuuliza posho, wala chumba, wala baridi ya kule.
"Mimi ni magongo mangapi?"
"Saba."
"Na kipa."
"Wa akiba. Na pedi."
Akanyamaza, akapangusa tandiko la baiskeli yake
lililokuwa safi.
"Kwa nini si manane?"

Miaka kumi na miwili ya vikao,
muhtasari, akidi, mengineyo,
na sikuwa na jibu la kumpa.

Alhamisi basi likashusha gunia
lililoshonwa kwa uzi wa bluu.
Kiduo alifika kabla yangu, begi mgongoni.
Akakata uzi kwa meno,
akatoa gongo moja moja, akaligonga kwenye ngazi ya saruji,
sikio karibu, kama mnunuzi wa nazi.
La kwanza, sawa. La pili, sawa.
La tano akaligonga mara tatu, akaliweka kando.

"Hili limepasuka ndani. Msilipokee."
"Nani atalirudisha?"
"Si naenda huko huko?"
Akalichomeka kwenye begi, mpini ukatokeza juu ya bega lake.
"Nikifika nitawaambia, bado moja."

Basi lilipokata kona nikafungua daftari.
Safu ya waliotoka: Kiduo.
Safu ya walioingia: kipa, pedi, kofia, magongo sita.
Na pembeni, kwa penseli,
neno ambalo Shembilu alilisoma, akalirudia,
asilifute:
tunadai.